Jicho la paka, la jiwe gani? Namna ya kukagua kito chenye jicho kabla hujatoa hela

Kila wiki lazima kuna mtu anitumie picha ya jiwe wasap. Jiwe la njano limekaa kiganjani, katikati lina mstari mweupe, na swali ni lilelile, "dada hili ni jicho la paka orijino au feki?" Nashindwa kujibu, na siyo kwamba naringa, ila picha imesimama na jicho la paka ni kitu kinachotembea, usipoligeuza jiwe kwenye mwanga bado hujaona kitu. Halafu swali lenyewe linaanzia pabaya. Jicho la paka siyo aina ya jiwe. Ni kitu ambacho mwanga unafanya kwenye jiwe, na mawe yanayoweza kufanya hivyo ni mengi, kuna krisoberili, kuna kwatzi, turmalini, apataiti, skapolaiti, berili, hadi vioo vya kiwandani. Kwa hiyo cha kuuliza kwanza ni "jicho hili ni la jiwe gani?", maana krisoberili nzuri na kwatzi yenye jicho zinaweza kukaa pamoja mkononi, ukubwa mmoja, rangi zinakaribiana, na bei zikawa mbali mno.

Mi natengeneza pete na hereni hapa Mwanza mjini, maeneo ya Makoroboi, mwaka wa tisa sasa. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua jiwe la rangi ya asali kwa shilingi laki mbili na themanini kwa muuzaji mmoja, akaniapia kabisa kwamba limetoka Tunduru, kule kwenye machimbo ya vito, nikaligeuza juani jicho likatembea vizuri sana, yani safi, mstari kama umechorwa kwa rula. Nikatoa hela yote niliyokuwa nayo pamoja na ya kodi ya fremu. Nilipolipeleka kwa fundi mzee aliyekuwa ananifundisha kazi, hakuligeuza hata mara moja, aliweka lenzi akaliangalia ubavuni, akanirudishia. "Mwanangu, hiki ni kioo." Niliumia muda mrefu, na ndo maana haya naandika kwa urefu, nisingependa mtu mwingine apitie kile kipindi.

Hatua ya kwanza, elewa unachokitazama

Ukitaka kuielewa hii kitu ndani ya dakika mbili nenda duka la zana za uvuvi pale Kirumba mwaloni, omba kuangalia uzi wa nailoni mpya uliozungushiwa kwenye bomba lake, ule wa kushonea nyavu. Toka nao juani. Nyuzi zimezunguka bomba kwa upana, lakini mstari wa mwanga umesimama kwa urefu, kutoka juu hadi chini, unazikata nyuzi zote. Zungusha bomba, nyuzi zinapita lakini mstari unabaki palepale. Sasa sogea wewe hatua moja pembeni, na mstari umesogea.

Ndani ya jiwe ni hivyohivyo. Wakati jiwe linaumbika chini ardhini, ndani yake vinaota visindano vyembamba sana vya madini mengine, au vinabaki vijimirija vitupu, vyote vimelala upande mmoja kama nyuzi za lile bomba. Kwenye krisoberili mara nyingi ni visindano vya rutaili au hiyo mirija. Fundi akilikata jiwe liwe na mgongo wa mviringo kama wa kobe, mwanga unaogonga visindano unarudi umejikusanya mstari mmoja, na mstari huo siku zote unakata visindano, haufuati mwelekeo wake. Visindano vikiwa vingi na vyembamba jicho linakuwa kali, vikizidi sana jiwe linakuwa na ukungu na linapoteza ile hali ya kupitisha mwanga, kwa hiyo jiwe zuri ni lile lililopata kiasi.

Sisi wa kanda ya ziwa tumeliona jicho la paka kubwa kuliko yote bila kujua. Usiku wa mbalamwezi simama ufukweni, Kamanga pale au upande wa Jiwe la Bismarck, ziwa likiwa na viwimbi vidogo tu. Utaona njia ya mwanga kutoka chini ya mwezi inakuja moja kwa moja hadi miguuni kwako. Ukitembea inakufuata, na mwenzako aliyesimama mita hamsini pembeni anaona yake imekuja kwake. Kila kiwimbi kinarudisha kipande chake cha mwanga, vipande vinaungana njia moja. Taa za wavua dagaa nazo zinafanya hivyohivyo, kila mtumbwi una mkia wake wa mwanga juu ya maji. Ukishaliona hili ziwani hutasahau tena kwa nini jicho linatembea.

Na kuna kitu kimoja nakipenda, jicho la paka mwenyewe, yule mnyama, lina mstari mweusi katikati, ile ndo mboni iliyobana, na mng'ao wa usiku unatokea nyuma kabisa ya jicho kwenye utando unaorudisha mwanga. Kwenye jiwe ni kinyume, mstari ndo unaowaka na pembeni ndo giza. Bado kila anayeliona anasema paka, Wafaransa wenyewe waliliita hivyo na jina la kitaalamu la tabia hii limetokana na neno lao la paka.

Hatua ya pili, mwanga mmoja tu

Usikague jiwe chini ya tyubulaiti ndefu za dukani. Taa ndefu inatawanya mwanga na jicho zuri linaonekana limefifia, na duka lenye taa ndogondogo nyingi darini ni shida ya aina yake, unaona vimistari vitatu vinne na huelewi kipi ni kipi. Omba utoke nje juani, au washa tochi ya simu yako mwenyewe ukiwa sehemu yenye kivuli. Muuzaji mwenye jiwe la kweli hana sababu ya kukataa, akikwambia jiwe lake halitakiwi jua, mrudishie kwa heshima uondoke.

Lishike jiwe kwa vidole viwili, tumbo lake bapa liwe chini, tochi iwe juu kidogo ya bega lako. Kisha fanya mambo matatu taratibu. Liinamishe kushoto na kulia, mstari uteleze kwenye mgongo wa jiwe kutoka ubavu mmoja hadi mwingine bila kukatika. Lizungushe palepale kama unafungua mfuniko wa chupa, mstari ugeuke pamoja na jiwe, usibaki nyuma, maana umefungwa na visindano vilivyomo ndani (ukibaki umeelekea taa tu wakati jiwe linageuka, hiyo ni taa inaakisiwa kwenye mgongo laini, hata gololi inafanya). La tatu, muombe mtu awashe simu ya pili, mwanga mmoja uwe kushoto kwa mstari na mwingine kulia. Utaona mistari miwili. Sasa lizungushe jiwe polepole, mistari inasogeleana, inakuwa mmoja, inaachana tena, yani jicho linafumba na kufumbua. Wateja wangu wakifika hapo huwa wananyamaza.

Kuna la nne ambalo linahusu zaidi krisoberili ya rangi ya asali. Weka tochi iwe ubavuni, mwanga ulipige jiwe kutoka upande mmoja wa mstari. Jiwe zuri linagawanyika, nusu iliyo karibu na taa inaonyesha rangi ya jiwe lenyewe, asali, na nusu ya pili inakuwa nyeupe kama maziwa. Geuza, zinabadilishana. Wafanyabiashara wa vito duniani wanaita maziwa na asali, na wanalipia sana.

Lakini tafadhali kumbuka kisa changu. Jiwe langu la laki mbili na themanini lilifaulu kutembea. Hatua hii inakusaidia kukataa plastiki na vitu vilivyochorwa mstari, haikusaidii kukataa kioo cha nyuzi.

Hatua ya tatu, angalia ubavu

Kioo cha nyuzi kinatengenezwa kwa kuunganisha nyuzi nyembamba za kioo maelfu kwa maelfu, ndugu wa zile zinazobeba intaneti, zinayeyushwa zinashikana kuwa kitu kimoja halafu kinakatwa shanga na mawe ya pete. Nyuzi zimenyooka kuliko kitu chochote cha asili, ndo maana jicho lake linakuwa kali hivyo.

Mahali pa kumkamatia ni pale nyuzi zinapoishia. Tumeshaona mstari unakata nyuzi, kwa hiyo kama mstari unapita kwa urefu wa jiwe, ncha za nyuzi zitakuwa kwenye mbavu mbili ndefu, siyo kwenye ncha za jiwe. Chukua lenzi ya sonara, ile inayokuza mara 10, au kamera ya simu inayopiga vitu vya karibu sana, angalia ubavu huo huku ukiinamisha jiwe kwenye mwanga. Ukiona vijumba vidogo vya pembe sita vimepangana kama sega la nyuki, hicho ni kioo, hakuna mjadala. Jiwe la asili halina sega, lina visindano visivyolingana urefu, vingine vimekatika, kuna vidoa, kuna sehemu visindano ni vingi na sehemu ni vichache. Na rangi pia inasema, pinki kali, bluu ya mfuko wa rambo, nyekundu ya soda, zote hizo zenye jicho safi na bei ndogo, ni kioo. Hamna ubaya kuvaa kioo, mimi nauza hereni zake na nawaambia wateja ni kioo, na wanapendeza.

Hatua ya nne, mizani na kikombe cha maji

Hapa ndo penyewe na hapa nitakaa, kwa sababu ndo hatua ambayo watu hawaijui na inahitaji vitu vya kawaida tu. Kila jiwe lina uzito wake ukilinganisha na maji ya ujazo uleule. Krisoberili ni kama mara 3.73. Apataiti ni 3.2 hivi. Turmalini inacheza kwenye 3.06 na inaweza kupanda kidogo. Berili 2.7. Kwatzi 2.65 na haiyumbi sana. Ukipata namba hiyo umeshapunguza majina mengi.

Unahitaji mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, Mwanza hapa hizi siyo tabu, mji wa dhahabu huu, kila fremu ya sonara inayo. Na kikombe chepesi cha plastiki, maji, uzi mwembamba wa nailoni, na tone la sabuni ya vyombo. Jiwe liwe peke yake, halijafungwa kwenye pete.

Pima jiwe likiwa kavu, andika. Kisha weka kikombe chenye maji nusu juu ya mizani, tia tone la sabuni, bonyeza mizani irudi sifuri. Funga jiwe kwa uzi, lishushe majini huku umeushika uzi mkononi, lizame lote lakini lisiguse chini wala pembeni. Mizani itasoma namba ndogo, hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawa uzito mkavu kwa hiyo namba. Basi.

Kuna kaka mmoja alitoka Sengerema na jiwe la marehemu baba yake, baba alikuwa Tunduru miaka ya tisini wakati watu wanamiminika kule kwa vito, na nyumbani wote walijua ni krisoberili, walishaanza hata kupangiana mgao. Jiwe la kijani, jicho zuri, linatembea, ubavuni hamna sega. Likiwa kavu lilisoma gramu 1.42, ambayo ni karati 7.1 kwa kuwa karati moja ni gramu 0.2. Nikashusha majini, 0.46. Mkono wangu ulikuwa unatikisika nikarudia, 0.46, nikarudia ya tatu, 0.47. Gawa 1.42 kwa 0.46 unapata 3.09. Ingekuwa krisoberili maji yangesoma 0.38. Ingekuwa kwatzi, kama 0.54. Nikamwambia kaka, jicho ni la kweli, jiwe ni la asili, ila siyo krisoberili, inaelekea ni turmalini. Alikaa kimya kidogo halafu akauliza kama bado ni kitu kizuri, nikamwambia ndiyo, kizuri sana, ila kina bei yake na siyo ile mliyoipangia. Alilipeleka Arusha kwa mtaalamu wa vito, likarudi na jina turmalini.

Kwa nini Arusha bado? Kwa sababu ukikosea sehemu moja tu ya mia kwenye jiwe dogo hivyo, 3.09 inakuwa 3.16, na hapo apataiti inaingia. Jiwe likiwa chini ya gramu moja kosa linazidi kukua. Povu dogo likishika kwenye jiwe namba inaharibika, ndo kazi ya ile sabuni, na lifute kwa brashi laini kabla ya kulishusha. Kioo nacho kina uzito wa kila aina kutegemea kilivyotengenezwa, usikitafute kwa mizani, tafuta sega.

Hatua ya tano, ugumu, na usikwaruze

Wapo wanaokwambia kwaruza jiwe kwa kisu au kwenye kioo cha dirisha. Usikubali, jiwe lako litaumia na utakuwa umejua kidogo sana. Wewe jua tu namba ili ujue jiwe livaliwe wapi. Kwenye kipimo cha Mohs ambacho almasi ni 10, krisoberili ni 8.5, turmalini 7 na kidogo, kwatzi 7, skapolaiti kama 6, apataiti 5. Mji wetu umejengwa juu ya miamba ya graniti, na vumbi linaloingia daladala ya Igoma limejaa punje za kwatzi, ugumu 7. Kila unapofuta pete kwenye nguo yenye vumbi unaisugua na hizo punje. Apataiti kwenye pete ya kila siku itafifia ndani ya muda mfupi, ifanye hereni au kidani. Krisoberili unaweza kuvaa ukifua, ukiosha sato, miaka na miaka.

Lile jiwe la kahawia na dhahabu lenye mawimbi ya mng'ao, jicho la chui milia, wengi wanasema taigaai, nalo ni ukoo wa kwatzi, linatoka sana Afrika Kusini, ni zuri, ni la bei nafuu, halipitishi mwanga. Mtu asikuuzie hilo kwa bei ya krisoberili. Rangi yake ya dhahabu inatokana na chuma kilichopata kutu ndani ya nyuzi ambazo mwanzo zilikuwa za bluu.

Hatua ya sita, uzuri na bei

Ukishajua ni jiwe gani ndo unaangalia uzuri. Mstari unyooke, upite katikati ya mgongo ukilitazama kutoka juu, ufike ncha zote mbili, na uachane vizuri na rangi ya pembeni. Mimi jicho lililoenda upande nalikwepa hata kama rangi ni nzuri, litakukera kila siku.

Geuza jiwe uangalie tumbo. Mawe mengi ya aina hii yanaachwa na tumbo nene, halijang'arishwa, maana fundi anataka kubakiza uzito. Kutong'arishwa siyo kosa, ila unene ukipitiliza unalipia karati ambazo zitajificha ndani ya pete na pete yenyewe itakaa juu kama chungu kwenye mafiga. Pima kwa macho, tumbo lisizidi mgongo.

Omba karatasi iandike jina kamili la jiwe. Kwenye biashara ya vito duniani ukisema jicho la paka bila kuongeza neno, unamaanisha krisoberili peke yake, mengine yote lazima yataje ukoo, jicho la paka la kwatzi, jicho la paka la turmalini. Kwa hiyo risiti iliyoandikwa "jicho la paka" tu inaweza kukulinda au kumlinda mwenzio, mwambie aandike krisoberili kama anasema ni krisoberili, na uzito kwa karati, na kama limetibiwa kwa moto au mionzi. Akisita kuandika umeshapata jibu. Kwa hela kubwa dai cheti cha maabara, maana krisoberili za kutengenezwa maabara nazo zipo na hizo mizani haizitofautishi. Na kama ni mawe ghafi, biashara yake ina leseni na tangu 2019 serikali imeweka masoko ya madini mikoani, usikubali kukutana na mtu gesti Nyegezi saa mbili usiku eti anakuonyesha mzigo.

Kama una jiwe ghafi

Kwa ufupi tu, maana ukataji unahitaji mwalimu, na Arusha kuna kituo cha jimolojia cha serikali kinachofundisha. Loanisha jiwe au lipake tone la mafuta, ligeuze chini ya tochi hadi uone mng'ao umejikusanya, hapo unajua visindano vimelala wapi. Tumbo likatwe sambamba na visindano, wakikosea kidogo jicho linahama katikati au linapotea. Na urefu wa jiwe ukate visindano, ili mstari ukae kwa urefu. Kata kwa maji muda wote na vaa barakoa ya vumbi, vumbi la kwatzi linaua mapafu taratibu, na zile nyuzi za bluu za taigaai ni jamaa ya asibesto. Ukilivaa limeshang'arishwa halina shida.

Hatua ya saba, maana yake kwako

Hili watu wananiuliza kwa sauti ya chini na mimi silichukulii kirahisi. Sri Lanka, ambako krisoberili za jicho zimechimbwa tangu zamani sana, watu wameivaa kama kinga ya pepo wabaya. Kwa Wahindu ni moja ya vito tisa vya navaratna, kila kito na sayari yake, jicho la paka ni la Ketu, ambaye pamoja na Rahu anahusishwa na kupatwa kwa jua na mwezi. Ndo maana utasikia sonara wa Kihindi anaiita lehsunia na anamuuliza mteja mambo ya nyota kabla hajampimia kidole. Ulaya ilipata umaarufu mwaka 1879 baada ya Duke wa Connaught kumpa mchumba wake pete ya jicho la paka, na huyo alikuwa mtoto wa Malkia Victoria, yuleyule ambaye Speke alilipa ziwa letu jina lake.

Kwetu huku jicho ni neno zito. Tunasema mtu ana kijicho, tunasema macho hayana pazia, kanga zimeandikwa hasidi hana sababu. Kwa hiyo mama akinijia anataka jiwe lenye jicho kwa ajili ya binti yake anayeanza biashara, namuelewa kabisa, jicho la kuangaliana na jicho. Waislamu wengi wanavaa akiki kwa heshima yake, na mtu kuvaa jicho la paka kwa imani yake ni haki yake. Ninachokataa ni bei kupandishwa kwa sababu jiwe "limesomewa" au "lina mzigo ndani". Nilimuona mama wa Ukerewe amelipia taigaai laki sita kwa maneno hayo, hela ya ada. Mayu, yani mama, lipia jiwe kwa bei ya jiwe, dua ujiombee mwenyewe.

Hatua ya mwisho, kufunga na kutunza

Mwambie fundi mstari uelekee urefu wa kidole, ukiinamisha mkono kuandika au kushika kikombe jicho linateleza upande hadi upande na wewe unaliona. Ukifungwa kukata kidole unapoteza nusu ya raha. Mwambie pia asilehemu pete jiwe likiwa ndani, moto wa kulehemu umepasua mawe mengi, alitoe kwanza hata kama atasema anajua kuzuia.

Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini wa mtoto, ule mashine wa kutikisa wa masonara usiweke, vijimirija vikifika juu ya jiwe vinanyonya uchafu na mashine inaweza kuongeza ufa. Ukipaka mafuta mkononi, vua pete kwanza. Na kila baada ya miezi kadhaa pitisha uzi wa kanga au kipande cha soksi juu ya kucha zinazoshika jiwe, uzi ukinasa hata kidogo kucha imeinuka, irudishe kwa fundi siku hiyohiyo, usivae kwenda nayo ziwani.